Nani Anashika Ua? Maua na Wahusika wa Kike katika Tanzia za Shakespeare

Utangulizi

Swali la jazanda likitokea katika karatasi ya fasihi, na katika dondoo mkawa na ua, watahiniwa wengi huwa na jibu tayari kabla ya kusoma dondoo lenyewe. Ua ni uzuri, ua hunyauka, kwa hivyo ua ni mwanamke mzuri asiyedumu. Jibu hili limekaririwa mara nyingi hata likachukuliwa kuwa kanuni. Kasoro yake si kwamba ni uongo mtupu. Kasoro yake ni kwamba linamfumba mhusika wa kike kinywa. Likishaandikwa, hakuna anayeuliza tena mwanamke huyo alisema nini.

Makala haya yanachunguza historia ya ishara ya ua katika tanzia za William Shakespeare (1564–1616), hasa Hamlet, Othello na Romeo and Juliet. Mwalimu wa Kiswahili ana sababu ya kuijua historia hii. Tafsiri za Shakespeare ni sehemu ya historia ya tamthilia yetu: Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), naye Samuel Mushi akatafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Aidha, mazoea mengi tunayotumia kueleza ishara za maua darasani yalitokana na jinsi tamthilia hizi zilivyosomwa na kuchorwa huko Ulaya.

Hoja yetu ni kwamba ua katika tanzia hizi halina maana moja iliyokwisha kuamuliwa. Maana yake hutegemea nani analishika au kulitaja, na kwa nini. Likiwa mkononi au kinywani mwa mhusika wa kike mwenyewe, aghalabu huwa ni hoja, ushahidi au shutuma. Likitumiwa na wengine kumzungumzia, mara nyingi hugeuka pambo la kufunika yale aliyosema au aliyotendewa.

Msichana achumaye maua: chimbuko la Kiyunani

Taswira ya msichana anayechuma maua ilitangulia Shakespeare kwa karne nyingi. Katika visasili vya Wayunani, Persephone alikuwa akichuma maua kondeni aliponyakuliwa na Hades, mungu wa kuzimu. Kutokana na kisa hiki, kuchuma maua kukawa dalili ya hatari: msomaji akimwona msichana kondeni na maua mkononi, hutazamia balaa.

Hata hivyo, watunzi wa tamthilia wa Athens waliitumia taswira hiyo kwa namna tofauti. Euripides, aliyeandika katika karne ya 5 KK, ana tamthilia iitwayo Ion. Ndani yake malkia Creusa anaeleza jinsi mungu Apollo alivyomshika kwa nguvu alipokuwa akichuma maua ya zafarani na kuyatia katika pindo la vazi lake. Kisa ni kile kile cha Persephone, ila safari hii msimulizi ni mwanamke mwenyewe. Maua anayoyataja Creusa si pambo la masimulizi. Ni mahali, ni wakati, ni ushahidi wa mtu anayemshtaki aliyemdhulumu. Ingawa Ion haiishii katika msiba, inatuonyesha kwamba tangu zamani ishara moja iliweza kutumika kwa njia mbili: kumsikitikia mwanamke, na kumpa mwanamke lugha ya kulalamika.

Lugha ya maua Uingereza karibu na mwaka 1600

Watazamaji wa Shakespeare walikuwa na lugha yao ya maua, nayo haikuwa siri ya wasomi. Mwaka 1584 kilichapishwa London kitabu cha nyimbo kiitwacho A Handful of Pleasant Delights. Mmoja wa nyimbo hizo ni wa shada la maua la kumpelekea mpenzi, na kila mmea una maana yake: rosmari ni kumbukumbu, shamari ni ya wenye kusifu kwa hila, vayoleti ni uaminifu. Mwaka 1597 John Gerard akachapisha kitabu kikubwa cha mitishamba kilichoeleza sura, majina na dawa za mimea. Kwa hivyo mtu wa kawaida alilijua jani kwa njia tatu kwa pamoja: kama dawa, kama chakula na kama ujumbe.

Rosmari ni mfano mzuri. Mmea huu wenye harufu kali ulitumiwa harusini na mazikoni vilevile. Msomaji wa pwani yetu hatashangaa. Marashi ya waridi hunyunyizwa katika sherehe ya arusi, na marashi hayo hayo hutumiwa katika maziko. Kikuba cha asumini na mkilua nacho ni zaidi ya harufu nzuri. Avaaye na aonaye huelewana. Yaani mmea mmoja hubeba maana zaidi ya moja, na tukio ndilo linaloamua ipi inasemwa.

Hapa pana hadhari moja. Kamusi za maua zinazotumiwa na baadhi ya wahakiki, ambamo kila ua limewekewa maana moja ya kimapenzi, ni zao la karne ya 19. Kilichoanzisha mtindo huo ni kitabu cha Kifaransa cha Charlotte de Latour, Le Langage des fleurs, kilichotoka mwaka 1819. Kukitumia kueleza tamthilia ya mwaka 1600 ni sawa na kumsoma Mwengo wa Athumani kwa kamusi ya vijana wa mjini wa leo.

Ophelia kabla ya wazimu

Wengi humkumbuka Ophelia katika onyesho la wazimu pekee. Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba yeye ni hodari wa lugha ya maua tangu mwanzo.

Katika sehemu ya kwanza ya Hamlet, kaka yake Laertes anamwonya asimwamini Hamlet. Anamwambia mapenzi ya kijana yule ni kama vayoleti ya mapema, tamu lakini isiyodumu, na kwamba mdudu huyala machipukizi kabla hayajafunguka. Laertes ndiye anayelishika ua hapa, naye analitumia kumtawala dada yake. Ophelia anasikiliza, kisha anamjibu kwa ua jingine. Anamwomba asiwe kama wale wachungaji wanaowaonyesha wengine njia ya miiba iendayo mbinguni, huku wao wenyewe wakipita katika njia ya maua ya anasa. Jibu hilo lina adabu na lina makali. Laertes hana la kusema ila kwamba amechelewa, aende zake.

Baadaye, Hamlet anapomtukana na kumwambia aende kwenye nyumba ya watawa, Ophelia anabaki peke yake jukwaani na kumwomboleza Hamlet aliyemjua. Anamwita waridi la dola. Mtahiniwa azingatie jambo hili: katika tanzia hii mwanamume naye huitwa waridi, na anayemwita hivyo ni mwanamke. Kanuni ya kwamba ua ni mwanamke imevunjika katikati ya tamthilia.

Ophelia agawa maua

Tufike sasa katika sehemu ya nne, onyesho la tano. Baba yake Ophelia, Polonius, ameuawa na Hamlet. Amezikwa upesi upesi, kwa siri, bila heshima ya cheo chake. Hamlet amepelekwa Uingereza, na Laertes amekuwa Ufaransa. Katika jumba la mfalme hakuna anayesema wazi ni nani aliyemuua mzee huyu. Ophelia anaingia akiimba, na hata kabla hajaonekana tunaambiwa kwamba maneno yake yasiyopangika yanawafanya wasikilizaji kuunganisha mambo wenyewe, na kwamba ni hatari akiendelea kusikika. Yaani jumba zima linamwogopa.

Anaporudi mara ya pili, kaka yake akiwepo, anagawa mimea. Rosmari anaipa maana ya kumbukumbu, na pansi maana ya mawazo. Kisha anatoa shamari na kolombaini bila kueleza. Kisha ruta, mmea mchungu ambao jina lake la Kiingereza ni pia neno la majuto, na ambao Waingereza waliuita mmea wa neema. Ruta anaitoa kwa mwenzake na kujiwekea mwenyewe, akisema kila mmoja auvae kwa namna yake. Anataja deizi. Mwisho anasema angalitoa vayoleti, lakini zote zilinyauka baba yake alipofariki.

Matini za kale hazisemi nani anapokea nini. Toleo la 1604–05 na lile la 1623 hayana maelezo ya jukwaani juu ya ugawaji huu, wala hayasemi kama maua ni ya kweli au ni ya mawazo tu. Ni wahariri na waelekezi wa baadaye walioamua. Wengi humpa Laertes rosmari na pansi kwa sababu ndiye anayepaswa kumkumbuka baba. Shamari na kolombaini, yaani sifa za uongo na kutokuwa mwaminifu katika ndoa, huwaendea mfalme Claudius au malkia Gertrude, aliyeolewa na shemeji yake punde tu baada ya mumewe kufa. Ruta ya majuto huwaendea hao hao.

Kwa jinsi yoyote tutakavyogawa, mambo mawili yanabaki. Kwanza, maana ya mimea hii ilijulikana na waliomo ukumbini, kwa hivyo hakuna aliyehitaji tafsiri. Pili, kauli juu ya vayoleti ni shutuma nzito. Ikiwa vayoleti ni uaminifu, basi msichana huyu anasimama mbele ya mfalme na kusema kwamba uaminifu wote ulikufa siku baba yake alipouawa. Hakuna mtu mwenye akili timamu katika jumba lile aliyethubutu kusema hivyo hadharani. Wazimu umemlegezea ulimi, na maua yamempa msamiati.

Baadhi ya wahakiki huongeza kwamba vitabu vya mitishamba tangu zama za Dioscorides vilieleza ruta kuwa huweza kuharibu mimba, na kutokana na hilo hudai kwamba Ophelia alikuwa mjamzito. Habari ya ruta ni kweli. Lakini hakuna ushahidi wa mimba katika tamthilia, na mtahiniwa asiandike dhana hiyo kama tukio.

Jambo la maana zaidi ni anavyoyapokea Laertes. Mwanzoni anakiri kwamba katika wazimu ule mna funzo. Lakini punde anasema dada yake huyageuza huzuni, mateso na hata jehanamu kuwa kitu cha kupendeza. Ni hapo, ndani ya tamthilia yenyewe, shutuma inapoanza kugeuzwa pambo. Aliyeanza kazi hiyo si mhakiki wala mchoraji, ni kaka yake aliyempenda.

Hadithi ya malkia na sheria ya maziko

Kifo cha Ophelia hakionyeshwi jukwaani. Tunakisikia kwa Gertrude. Anasimulia kwamba msichana alikwenda penye mwerebi ulioinamia kijito, akiwa na mashada ya maua ya kondeni, upupu, deizi na okidi. Alipokuwa akipanda kutundika mashada yake, tawi lilikatika. Nguo zilimwelesha kwa muda huku akiimba, kisha maji yakamvuta chini.

Masimulizi haya husifiwa kwa uzuri wake, lakini ni nadra kuuliza yalikuwa na kazi gani. Katika Uingereza ya wakati huo kujiua kulikuwa kosa la jinai na dhambi. Aliyehukumiwa kuwa alijiua alinyimwa maziko ya Kikristo, na mali yake ilichukuliwa na dola. Ikiwa tawi lilikatika, ni ajali. Maua katika hadithi ya malkia ndiyo yanayompeleka Ophelia mtini na ndiyo yanayomwondolea hatia. Wachimba kaburi hawaridhiki. Wanabishana kwa mzaha juu ya sheria hiyo, na mmoja anasema wazi kwamba kama marehemu asingekuwa bibi wa ukoo mkubwa, asingezikwa hivyo.

Mashaka haya hayakuwa ya kubuni tu. Mnamo Desemba 1579 mwanamke aitwaye Katherine Hamlet alizama katika mto Avon huko Tiddington, karibu na Stratford, alipokwenda kuteka maji. Uchunguzi ulifanywa, na ikaamuliwa kuwa ni ajali. Shakespeare alikuwa na umri wa miaka 15. Mwaka 2011 mwanahistoria Steven Gunn wa Chuo Kikuu cha Oxford alitangaza kumbukumbu nyingine: mwaka 1569, huko Upton Warren, si mbali sana na Stratford, mtoto wa miaka miwili na nusu aitwaye Jane Shaxspere alizama katika kidimbwi cha kinu alipokuwa akichuma maua ya manjano. Hakuna uthibitisho kwamba mtoto huyu alikuwa wa ukoo wa mtunzi. Lakini kumbukumbu hizi zinatukumbusha kwamba kwa watu wa mashambani mto, maua na uchunguzi wa kifo vilikuwa mambo ya maisha. Msichana aliyezama akiwa na maua mkononi hakuwa picha ya kuchekelea.

Katika maziko, ua linahama tena. Toleo la 1604–05 linasema Ophelia aliruhusiwa mataji ya wanawali. Toleo la 1623 likabadilisha neno hilo kuwa taratibu za maziko. Taji hizo zilikuwa desturi halisi: msichana aliyekufa kabla ya kuolewa alitengenezewa taji ambalo lilitundikwa kanisani. Katika kanisa la Abbotts Ann, Uingereza ya kusini, zimehifadhiwa mpaka leo. Kasisi wa Hamlet ananung'unika kwamba kifo kilikuwa na shaka na kwamba kwa haki msichana huyu angetupiwa mawe. Laertes anajibu kwa kuomba vayoleti ziote katika mwili wake. Malkia anamwaga maua kaburini akisema alitumai kuyapamba kwenye kitanda chake cha arusi.

Linganisha sasa. Ophelia alisema vayoleti zimenyauka. Kaka yake anataka ziote kutoka kaburini mwake. Maneno ya dada yamepinduliwa, naye hayupo tena kujibu. Aliyepewa maua ya majuto sasa ndiye anayeyamwaga.

Waridi la Othello na mwerebi wa Emilia

Othello inathibitisha hoja hii kwa uwazi mkubwa zaidi. Katika onyesho la mwisho Othello anasimama kando ya kitanda cha Desdemona aliyelala. Anamfananisha na waridi, na kukiri kwamba akishalichuma hawezi kulirudishia uhai. Anainama kulinusa lingali mtini, kisha anamuua. Ua hapa linamsaidia muuaji kujiona kama mtu anayetenda jambo la kusikitisha lakini zuri. Desdemona anapoamka na kukana, hasikilizwi.

Mmea wa wanawake katika tamthilia hii ni mwingine. Kabla ya kulala, Desdemona anakumbuka wimbo wa mwerebi ulioimbwa na Barbary, mjakazi wa mama yake, aliyeachwa na mpenzi wake na kufa akiuimba. Mwerebi ulikuwa ishara ya aliyetendwa katika mapenzi. Wimbo huu haumo katika toleo la 1622, umo katika lile la 1623. Umetoka kwa mjakazi, ukapita kwa bibi, na mwishowe unafika kwa Emilia, mke wa Iago. Emilia, akiwa amechomwa kisu na mumewe kwa kosa la kusema kweli, anakufa akiutaja mwerebi huo na kumwambia Othello kwamba mkewe alikuwa safi na alimpenda. Waridi la Othello lilificha mauaji. Mwerebi wa wanawake watatu ndio uliobeba ushahidi.

Maua juu ya mtu aliye hai

Katika Romeo and Juliet, Juliet ndiye anayelitaja waridi katika mojawapo ya hoja maarufu za tamthilia. Anasema kwamba jina si kitu, kwa kuwa ua lingebaki na harufu yake hata kwa jina jingine. Watahiniwa huchukua maneno haya kuwa mahaba matupu. Kwa kweli ni hoja dhidi ya uhasama wa koo mbili: msichana wa miaka isiyofikia 14 anapinga kwa mantiki chuki ambayo wazee wanaipigania barabarani bila kuihoji.

Baadaye Juliet anakunywa dawa ya usingizi na watu wanadhani amekufa. Baba yake, Capulet, anasema kifo kimelala na bibi arusi huyu aliyekuwa ua, na kwamba maua ya arusi sasa yatatumika mazikoni. Mtawa Laurence anaagiza rosmari iwekwe juu ya mwili. Paris naye anakuja usiku kumwaga maua kaburini. Katika nyakati hizo zote Juliet yu hai. Kinaya hiki kinasema mengi: jamaa wanamwekea maua ya kifo binti ambaye siku moja kabla hawakutaka kumsikiliza alipoomba asiozwe.

Mifano inayoonekana kupinga

Je, kila ua katika tanzia ni la mwanamke? La. Mfalme Lear, akiwa amerukwa na akili, amejivika taji la magugu na maua ya kondeni, na anayetupa habari hizo ni binti yake Cordelia, anayemtafuta kwa huruma. Hapa mwanamume ndiye aliyepambwa na mwanamke ndiye mwenye neno.

Naye Lady Macbeth anamfunza mumewe afanane na ua lisilo na hatia, ila awe nyoka aliyejificha chini yake. Msomaji wa Makbeth atatambua kwamba mwanamke huyu anajua vyema jinsi watu wanavyoliamini ua, na anaitumia imani hiyo kama silaha. Mifano hii miwili haibomoi hoja yetu bali inaitia nguvu. Ua halina jinsia. Lina mtumiaji.

Jinsi karne ya 19 ilivyomnyamazisha Ophelia

Wakati wa Shakespeare wahusika wa kike waliigizwa na wavulana. Mnamo Desemba 8, 1660, mwanamke aliigiza Desdemona huko London, na tangu hapo waigizaji wa kike wakakubalika. Baada ya hapo nyimbo za Ophelia zenye maneno ya aibu zilipunguzwa au kufutwa mara kwa mara, ili abaki msichana mpole. Maua yakabaki, shutuma ikapungua.

Picha iliyoenea zaidi ni ya John Everett Millais, iliyochorwa mwaka 1851–52 na iliyopo Tate Britain, London. Ophelia anaelea kijitoni, mikono wazi, maua yamemzunguka. Mandhari aliichora kando ya mto Hogsmill. Aliyekaa kwa ajili ya picha ni Elizabeth Siddal, akilala ndani ya birika la kuogea lililopashwa moto kwa taa. Siku moja taa zilizimika, naye akanyamaza katika maji baridi mpaka akaugua, na Millais akalipa gharama za daktari. Siddal alikuwa mchoraji na mshairi. Alifariki mwaka 1862 kwa kuzidisha dawa yenye afyuni. Hata hivyo, wengi wanaoijua sura yake hawajui kazi zake. Mchoraji aliongeza popi jekundu ambalo Shakespeare hakulitaja, na wanafunzi wengine huliandika kana kwamba limo katika matini.

Katika miaka hiyo ya 1850, daktari Hugh Diamond wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey aliwapiga picha wagonjwa wa kike, na mmoja wao anaonekana na taji la majani kichwani, kama Ophelia wa jukwaani. Mwaka 1985 mhakiki Elaine Showalter aliifuatilia historia hii na kuonyesha kwamba kila kizazi kilimwonyesha Ophelia kulingana na mawazo yake juu ya wanawake na wazimu. Kwa hiyo jibu la mtahiniwa wetu, kwamba ua ni uzuri unaonyauka, halikutoka moja kwa moja kwa Shakespeare. Lilipitia kwa wachoraji, madaktari na waelekezi waliolipenda ua kuliko neno.

Funzo kwa darasa

Mwalimu anaweza kuutumia utaratibu huu kwa kitabu chochote teule, kiwe tafsiri au kazi asilia. Wanafunzi wakikutana na ua, waulize maswali manne. Nani anashika au anataja ua? Anamlenga nani? Mmea huu ulikuwa na maana gani kwa watu wa wakati na mahali pa kazi hiyo? Je, ua linafunua jambo au linalifunika?

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ingawa ni riwaya. Jina hilo linatokana na sifa ya Bikira Maria katika sala za Kikatoliki, yaani waridi la fumbo. Mhusika hakujipa jina hilo. Alipewa, pamoja na matarajio yote ya usafi, na baba mkali asiyemfundisha namna ya kuishi na watu. Mwanafunzi atakayeandika kwamba Rosa ni waridi lililonyauka atapata alama kidogo. Atakayeuliza nani alimwita waridi, na jina hilo lilimgharimu nini, atakuwa amehakiki.

Maswali ya mazoezi

1. "Maua ya Ophelia ni shutuma, si pambo." Jadili kwa kurejelea sehemu ya nne ya Hamlet.
2. Linganisha matumizi ya waridi na mwerebi katika Othello. Ni mhusika yupi anayetumia kila ishara, na kwa lengo gani?
3. Eleza jinsi kinaya kinavyojitokeza katika maua anayowekewa Juliet.
4. Teua tamthilia moja ya Kiswahili uliyoisoma. Onyesha jinsi kitu kimoja kinachohusishwa na mhusika wa kike kinavyobadilika maana kulingana na anayekitaja.